Tela la Baiskeli na Maneno ya Watani

Mnaniuliza gololi au ndoano. Kila kijana anayenunua tela la kubebea baiskeli, pikipiki au mizinga ya nyuki huniletea swali hilo hilo, kana kwamba mimi ni duka la vipuri. Nami humjibu kwa kumuuliza: tela lako litapita barabara gani? Mzigo utakaa wapi? Nani atalivuta? Akishindwa kujibu namwambia arudi nyumbani akafikirie. Watu husema nina maswali mengi. Nilikuwa nayo tangu shuleni, chuo kikuu yakaongezeka, na kazi ya karakana haikunipunguzia hata moja.

Kwanza tuelewane majina. Gololi ni kile kichwa cha chuma cha mviringo kinachokaa nyuma ya gari. Tela lina kikombe kinachoifunika gololi kutoka juu, na ndani ya kikombe kuna ulimi unaoibana isichomoke. Ndoano ni ndoano kweli: chuma kinene kilichopinda, chenye kifuniko, na tela lake huja na pete inayoingia humo. Ule mkono unaotoka kwenye tela kuja kwenye gari tuliuita shingo. Hayo ndiyo majina tuliyotumia Tabora. Kama kwenu mna mengine tumieni yenu, chuma hakitakasirika.

Nilipelekwa Tabora miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikiwa na shahada mpya ya uhandisi na viatu visivyofaa kwa mchanga. Mradi wetu ulikuwa mdogo. Tuliwapeleka walimu wa kisomo cha watu wazima sehemu za mbali pamoja na baiskeli zao. Landrova ilivuta tela, na tela lilikuwa na keria ya kufungia baiskeli. Mkifika njia panda walimu wanashuka, kila mmoja anachukua chake na kupotelea msituni kuelekea kijiji ambacho gari halifiki. Mpango mzuri. Hata leo nikiutazama siupati kasoro, ila kwenye vyuma.

Landrova tulipewa na nchi moja rafiki. Tela tulipewa na nchi nyingine rafiki. Wakati ule tulikuwa na marafiki wengi, na hakuna aliyeuliza kama marafiki hao wanapima kwa rula moja. Gololi ya gari ilikuwa ndogo kuliko kikombe cha tela kwa kiasi cha unene wa ukucha. Kikombe kilifunga, ulimi ulibana, pini ya kufungia iliingia. Ukitazama kwa macho kila kitu kimekaa sawa.

Halafu kulikuwa na keria. Vijana wa leo hamjui baiskeli ilikuwa nini. Ilivishwa. Iliwekewa vioo viwili, mashada ya plastiki kwenye usukani, kofia ya tandiko iliyofumwa kwa mkono. Walimu hawakutaka baiskeli zao zikae karibu na madebe ya mafuta ya taa na mbao za kufundishia, zikachubuka rangi. Kwa hiyo, kabla sijafika, walikuwa wamefanya mkutano na kuamua keria ichomelewe nyuma kabisa, kwenye mkia wa tela. Waliamua kwa kura ya kuinua mikono. Tulikuwa watu wa kuinua mikono sana. Bahati mbaya uzito hauna mkono wa kuinua.

Sasa niwajulishe watu wawili. Dereva wetu aliitwa Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mwembamba aliyeendesha gari kana kwamba amebeba mayai ya mama mkwe. Fundi wetu wa kuchomelea aliitwa Maganga, Mnyamwezi, kwao Gongoni pale mjini. Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo walivyo: watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi waliposhuka kutoka Tabora na kupita kwa wenyeji wa pwani. Mimi nilitoka Upareni, utani ule haukunihusu, na siku za kwanza nilidhani watu hawa wawili wanachukiana.

Wiki yangu ya kwanza, asubuhi, gari likiwa limepakiwa tayari kwenda Ulyankulu, Maganga aliingia uani na nyundo mkononi.

"Mwangaluka, mla nazi!"

"Marahaba, mpagazi," Kondo akajibu, ingawa hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, wala hakuamkiwa shikamoo. "Leo umekuja mikono mitupu? Pembe za ndovu umezitua wapi?"

"Babu zangu walitembea mpaka pwani wakawakuta babu zako wamelala njiani. Wakawaruka."

"Waliruka kwa sababu walikuwa na mzigo kichwani, hawakuweza kuinama kusalimia."

Walimu wakacheka. Maganga akainama, akakigonga kikombe cha tela kwa nyundo mara kadhaa, akasikiliza. Kisha akasema kwa sauti ile ile:

"Kondo, tela hili leo linakuacha. Linachezacheza hili. Ukifika mteremkoni linakupa talaka."

"Likiniacha litarudi kwenu. Limezoea kuvutwa na punda."

Kicheko tena. Kondo akapanda, akawasha, wakaondoka. Nilikuwepo, nilisikia kila neno, na niliona uso wa Maganga baada ya gari kutoka langoni. Hakuwa anacheka.

Mchana wa siku hiyo tela likamwacha. Kuna mteremko mrefu kabla ya mbuga moja njia ile, na Kondo alisema baadaye kwamba alihisi usukani umekuwa mwepesi, nyuma ya gari ikaanza kutikisika kulia na kushoto kama mkia wa mbwa, halafu ghafla ikatulia. Akashukuru Mungu. Alipotazama kioo cha pembeni akaliona tela linampita upande wa kushoto kama mtu mwenye haraka zake. Liliingia kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza asali kando ya barabara. Mama mwenyewe alikuwa ameinuka kufukuza mbuzi. Mbuzi huyo alistahili nishani. Asali ilimwagika yote, baiskeli zikapinda, lakini hakuna mtu aliyeumia.

Mratibu wa mradi alikuwa Ndugu Mbelwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwaminifu na mwoga, na mchanganyiko huo kazini ni mgumu, kwa sababu mali ya umma ikiharibika lazima apatikane wa kujibu, na mwaminifu hataki kusingizia, na mwoga hataki kuwa yeye. Akaamua kwamba Kondo alisahau kufunga ulimi wa kikombe. Kondo angefukuzwa, na ingependekezwa anyang'anywe leseni. Familia yake ilikaa kwenye nyumba ya mradi. Mkewe Mwanahawa alikuwa na mtoto mchanga. Dereva asiye na leseni, mjini asikotoka, ana nini?

"Nilifunga," Kondo aliniambia. "Ndugu mhandisi, wallahi nilifunga na pini nikatia."

Nilikwenda kulitazama tela. Ulimi ulikuwa umefungwa. Pini ilikuwa ndani. Nikamwambia Mratibu.

"Ameufunga baadaye," akasema. "Wewe ni mgeni, Ndugu. Madereva unawajua?"

"Siwajui. Na wewe ulimwona akiufunga baadaye?"

"Sikumwona."

"Basi tuko sawa, hakuna aliyeona."

Hakupenda. Nikaenda kwa Maganga, nikamkuta anachomelea mlango wa jiko. Nikamuuliza: siku ile ulisema kweli au ulikuwa unatania?

"Vyote viwili, Bwana Digrii. Kikombe kilikuwa kinagonga. Nikamwambia."

"Ulimwambia pamoja na habari za punda na nazi. Angejuaje?"

Akavua miwani ya kuchomelea. "Kwetu ndivyo tunavyosema mambo mazito. Mtu ukimwambia usoni kwamba chombo chake kibovu, umemvunjia heshima mbele ya watu. Ukimtania, heshima yake inabaki na habari anayo."

"Habari hakuwa nayo."

Nikamtaka aje kwenye kikao cha kumjadili Kondo aseme alichojua. Akakataa katakata. Akisema alimwonya Kondo, Mratibu atasema: kumbe dereva alionywa akaenda kwa makusudi. Akisema hakumwonya, amesema uongo. "Na mtani hampeleki mtani wake barazani," akaongeza. Niliona ni upuuzi. Leo sioni ni upuuzi kabisa, lakini bado nauliza: desturi inayomzuia mtu kusema neno moja wazi, kwa ajili ya rafiki yake, inamlinda nani?

Siku ya kikao niliomba kitu kimoja, tutoke nje. Tulipakia tela kama lilivyokuwa siku ile: madebe, mbao, baiskeli zilizopinda zikafungwa kwenye keria ya mkiani. Tukalisogeza gari, nikashusha kikombe juu ya gololi, nikabana ulimi, nikatia pini, nikamwomba Ndugu Mbelwa akague mwenyewe. Akakagua.

"Sasa shika shingo ya tela uinyanyue."

Ndugu Mbelwa hakuwa mtu wa mazoezi. Alishika kwa mikono miwili, akajiandaa kuvuta kwa nguvu, na shingo ikapanda kama kifuniko cha sufuria. Kikombe kilikwama kidogo, kikalia, kikachomoka. Ulimi umefungwa. Pini ndani. Uzito wa baiskeli mkiani ulikuwa umemsaidia, kama ulivyoisaidia barabara siku ile.

Nikauliza swali moja zaidi, maana sijawahi kujua pa kuishia. Kila tela huwa na mnyororo wa akiba, unaopita chini ya shingo, ili kikombe kikichomoka tela lisitoroke. Mnyororo wetu uko wapi? Watu wote wakageuka kutazama lango la stoo. Ulikuwa umetumika kufungia lango, kwa amri ya ofisi, kwa sababu kufuli la stoo lilivunjika.

Ndipo Maganga akazungumza, bila kuitwa. "Ndugu Mratibu, mimi nilijua kikombe kinacheza. Nilimwambia Kondo asubuhi ile."

"Kumbe alijua!" Mratibu akapata nguvu. "Kondo, ulionywa?"

"Ndugu Mratibu," Kondo akasema, "huyu ananitabiria kifo kila siku ya Mungu. Juzi aliniambia nitakufa kwa kuogopa maji. Kama ningekuwa namsikiliza, nisingetoka kitandani."

Walimu wakaangua kicheko, na Mratibu mwenyewe tabasamu likamponyoka kidogo. Lakini hakumsamehe hapo hapo. Alisema Kondo akae bila kushika usukani hadi tutakapolitengeneza tela upya. Likienda Ulyankulu na kurudi salama, kazi yake ipo. Likikatika tena, hakuna kikao.

Sasa nimrudie aliyeuliza gololi au ndoano.

Tulikaa watatu kwenye karakana, mimi, Maganga na Kondo, tukabishana. Gololi inayolingana na kikombe chake ni kitu kizuri kwenye lami. Haipigi kelele, haishtui gari. Lakini ina mwisho wake wa kupinda. Gari likizama shimoni tela likiwa bado juu, kikombe hufika mwisho wa mwendo wake na kuanza kujibanjua chenyewe. Barabara zetu zilikuwa mashimo yaliyounganishwa na barabara. Nikapendekeza pini kama ya trekta: ulimi wa chuma, tundu, pini kutoka juu. Maganga akakataa. Pini hairuhusu tela kulala upande wakati gari limesimama wima. Gurudumu moja la tela likipanda kichuguu, shingo inajisokota mpaka ipasuke. Alikuwa amezichomelea nyingi zilizopasuka. Ndoano na pete huruhusu kupinda, kulala na kujisokota, na kifuniko kikishuka pete haiwezi kupanda ikatoka. Ubaya wake ni kelele, na ule mshtuko kila unapokanyaga breki. Tukachagua kelele. Ndoano tuliipata kwenye chuma chakavu, pete Maganga akaichomelea.

Keria ndiyo ilileta vita. Mimi nilitaka baiskeli zihamie mbele, juu ya shingo, ili uzito urudi kwenye gari. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi. Kondo akaniuliza:

"Njia panda kule nageuza gari kati ya miti miwili. Nikikata kona, usukani wa baiskeli utaingia wapi?"

Tulipima kwa kamba. Ungeingia kwenye mlango wa nyuma wa landrova. Tukahamisha keria juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, mbele yake kidogo, na madebe na mbao tukayapeleka mbele kabisa. Walimu wakaanza kulalamikia rangi. Mwanahawa, mke wa Kondo, akashona soksi za magunia za kuvisha baiskeli moja moja. Akazipeleka mwenyewe kwa walimu, mtoto mgongoni, akawaambia: "Mume wangu anataka kazi, ninyi mnataka rangi. Nimewashonea vyote." Hakuna aliyeinua mkono kupinga.

Kipimo cha uzito wa shingo nawapa bure, hakihitaji mizani. Ukishapakia, mwite mtu mmoja mwenye nguvu za kawaida anyanyue shingo kabla hujaifunga. Akiinyanyua kwa mkono mmoja huku anavuta sigara, pakua, mzigo uko nyuma mno. Akishindwa kabisa, pakua, utavunja springi za gari. Anatakiwa ainyanyue, lakini agune. Na tela likifungwa lisimame sawasawa na ardhi. Likiangalia mbinguni au likisujudu, badili urefu wa ndoano. Minyororo iwe miwili, ipishane chini ya shingo, isifungie stoo.

Jambo moja hatukulimaliza pale karakana. Nilitaka wakubaliane kwamba kazini hakuna utani. Walinitazama wote wawili kama mtu aliyependekeza tuache chumvi.

"Sisi tutasalimianaje?" Kondo akauliza.

Tulikwenda Ulyankulu watu watatu na mzigo kamili. Kondo usukanini, mimi pembeni yake, Maganga nyuma kwenye benchi pamoja na vifaa. Mratibu alisimama langoni akatutazama mpaka tukapotea. Tela lilifuata kama ng'ombe mzee. Ndoano ilikuwa inagonga, taratibu, na kila ilipogonga bega la Kondo lilishtuka. Tukafika pale penye mteremko ule. Tulipofika chini salama akapumua, na nyimbo zikaanza.

Baadaye kidogo Maganga akasema kutoka nyuma: "Mzaramo, chombo chako kinalia vibaya."

"Kinakulilia wewe. Kimekuona huna mzigo kichwani."

"Nakuambia kinalia."

"Kibembeleze. Si ndiyo kazi ya wapagazi jioni?"

Nilitaka kufungua mdomo. Nilikuwa nasikia kugonga, lakini kwangu kulikuwa kugonga kule kule kwa mwanzo. Maganga hakujibu utani ule. Niliona mkono wake unapita kando ya kichwa changu, ukamshika Kondo begani, ukabana.

"Simama."

Kondo alisimamisha gari bila kuuliza. Alishuka huku mlango wake ukibaki wazi. Tulizunguka nyuma tukakuta nati mbili kati ya nne zinazoshika ndoano kwenye gari zimelegea, moja imebaki kwenye uzi wa mwisho. Vyuma vipya hukaa vibaya mwanzoni. Rangi inasagika, sahani ya chuma iliyoshika ndoano inajilaza, nati inapata nafasi. Ukifunga ndoano mpya, simama baada ya mwendo mfupi ukaze tena, usingoje kuambiwa. Minyororo ilikuwepo safari hii, pengine tela lisingetoroka. Pengine. Sikuwa na hamu ya kujua.

Maganga alikaza, akaongeza nati ya pili juu ya kila moja ili zisirudi nyuma. Kondo alichuchumaa kando yake akimshikia spana.

"Ungesema hivyo siku ile," Kondo akasema mwishoni, polepole.

"Siku ile hatukuwa tumekaa karibu," Maganga akajibu.

Mratibu alimrudishia Kondo funguo kwa kudumu siku tuliporejea, mbele ya kila mtu, na hakutoa hotuba. Lakini kazi ya Kondo ilikuwa imeamuliwa pale kando ya barabara. Nawaambia hivi kwa sababu mtakutana na fundi anayetania, dereva anayejibu, na mkubwa anayetafuta mkosaji, na mtadhani tatizo ni chuma peke yake, au ni watu peke yao. Pimeni vyote viwili.

Pale kando ya barabara, nati zilipokwisha kukazwa na tulipotaka kuondoka, Kondo alifungua mlango wa upande wangu.

"Ndugu mhandisi, samahani. Nenda nyuma. Huyu akae hapa, nimsikie."

Nikahamia kwenye benchi, kati ya spana na nyundo, nikatega sikio kwenye ndoano njia nzima, nikijifunza inavyogonga ikiwa nzima.